Mashamba ya mizabibu ya Finger Lakes mwishoni mwa Septemba: ushauri kwa familia inayotoka Nairobi

Mama Wendo, South B:

Hamjambo nyote. Mwishoni mwa Septemba mimi na mume wangu, pamoja na mama mkwe wangu, tutasafiri kutoka Nairobi kumtembelea binti yetu anayesoma katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Nimesoma kwamba mji huo uko katikati ya eneo la maziwa liitwalo Finger Lakes, ambalo ni maarufu kwa mizabibu na mvinyo, na kwamba majira hayo ndiyo ya mavuno. Mimi hupenda mvinyo, na kwa muda mrefu nimetamani kuona unakotoka badala ya kukutana nao kwenye rafu za supamaketi pekee. Mume wangu hunywa kidogo, na akinywa huchagua mwekundu. Mama haonji kileo chochote kwa sababu ya imani yake, lakini amelima Kinangop tangu ujana wake na hakuna shamba asilotaka kulikagua. Binti yetu ana umri wa miaka 20.

Tumetenga siku mbili kwa ajili ya jambo hili. Naomba mnisaidie kwa haya: twende ziwa lipi, maana naona yako mengi na kila moja lina wasifu wake? Je, ni busara mume wangu aendeshe gari, ilhali hajawahi kuendesha upande wa kulia wa barabara? Na je, Mama atapata lolote la kumfurahisha, au tutakuwa tumemburuta kutoka ukumbi mmoja wa kuonja mvinyo hadi mwingine akitusubiri? Sitaki ziara hii iwe yangu peke yangu.

Mkulima wa Ruaka:

Mama Wendo, nilisomea kilimo cha matunda katika mji wa Geneva, ulioko ncha ya kaskazini ya Ziwa Seneca, ambako Cornell ina kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza kazi mwaka 1882. Kwa hiyo niwie radhi nikieleza kwa kirefu.

Jambo la kwanza na la msingi ni kwamba msijaribu kuyazunguka maziwa yote. Yako 11, membamba na marefu, yamelala kaskazini hadi kusini kama vidole, na ndiyo asili ya jina lake. Ziwa Seneca na Ziwa Cayuga yana urefu wa takriban kilomita 60 kila moja, na hakuna daraja linalovuka katikati, hivyo mtu anayetaka kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili hulazimika kuzunguka nchani. Wageni wengi hupoteza siku nzima ndani ya gari kwa kutolijua hilo. Chagueni ziwa moja kwa siku, na katika ziwa hilo ukingo mmoja, kisha mtembelee mashamba mawili, au matatu kama miguu bado ina nguvu. Atakayewaambia mwende mashamba sita kwa siku anawashauri kuhusu ulevi, si kuhusu mvinyo.

Kwa kuwa mtalala Ithaca, siku ya kwanza ningependekeza ukingo wa magharibi wa Ziwa Cayuga, kwa barabara namba 89. Huo ndio ukingo ulio karibu nanyi, na njiani, takriban kilomita 16 kutoka mjini, mtapita maporomoko ya Taughannock, ambayo maji yake huanguka mita 66 moja kwa moja, zaidi ya kimo cha Niagara. Kuna mahali pa kuyatazama karibu na maegesho, bila haja ya kupanda mlima, jambo litakalomfaa Mama. Siku ya pili nendeni ukingo wa mashariki wa Ziwa Seneca, kwa barabara namba 414, kati ya Watkins Glen na Lodi. Kutoka Ithaca hadi Watkins Glen ni chini ya saa moja.

Naupenda ukingo huo wa Seneca kwa sababu ambayo mkulima wa Kinangop ataielewa upesi kuliko mtaalamu wa mvinyo. Mama anajua jalidi. Anajua inavyoshuka usiku usio na mawingu na kuunguza viazi vilivyoko bondeni huku vya mteremkoni vikisalimika, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na huteremka. Sasa huko New York baridi ya Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za hasi, kiwango kinachoweza kuua machipukizi ya mizabibu ya asili ya Ulaya. Kinachoiokoa ni ziwa lenyewe. Seneca lina kina cha mita 188, na maji mengi kiasi hicho huhifadhi joto la kiangazi na kulitoa polepole wakati wa baridi, hata ni nadra sana ziwa hilo kuganda. Majira ya machipuko mambo hugeuka: maji yangali baridi, hewa ya ukingoni huchelewa kupata joto, mizabibu huchelewa kuchipua, na kwa hiyo huepuka jalidi ya mwisho. Mwezi wa Septemba na Oktoba joto la maji huirefushia zabibu muda wa kuiva. Ndiyo maana mtaona mashamba yamejipanga kwenye miteremko inayotazama maji, na mkipanda kilomita chache tu kuelekea juu ya kilima mtakuta mahindi na malisho badala ya mizabibu. Msimamisheni Mama juu ya mteremko ule, mwonyesheni ziwa chini, na mwacheni awaeleze ninyi.

Kuhusu gari, sheria ya New York inamruhusu mgeni kuendesha kwa leseni halali ya nchi yake, kwa hiyo leseni ya Kenya si kikwazo. Hata hivyo, nisingemshauri mzee wa nyumba ajifunze upande wa kulia katika siku ambayo pia ataonja mvinyo. Jimbo hilo humshtaki dereva hata akiwa na kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na kosa zito zaidi huanza asilimia 0.08. Kodini dereva na gari lake kwa siku nzima. Gharama si ndogo, lakini ikigawanywa kwa watu wanne inabebeka, na nyote mtatazama nje ya dirisha kwa utulivu. Kama binti yenu ana leseni, yeye pia ni dereva mwafaka, kwa sababu umri halali wa kunywa pombe Marekani ni miaka 21 na hakuna ukumbi utakaomkubali kuonja. Ataingia nanyi, atakaa nanyi, lakini hatamiminiwa. Mwambieni mapema ili asijisikie amefedheheshwa mbele ya wazazi wake. Nanyi bebeni pasipoti zenu, kwa maana vitambulisho huulizwa.

Nije kwenye mvinyo wenyewe. Zabibu iliyolipatia eneo hili heshima ni Riesling, mvinyo mweupe wenye ukali wa limau na harufu ya matunda. Hutengenezwa kuanzia mkavu kabisa hadi mtamu sana, na chupa nyingi huwa na kipimo kidogo nyuma kinachoonyesha ni wa kiwango gani, hivyo huhitaji kukisia. Ombeni kuonja mkavu kwanza, kisha mtamu kiasi, kisha mtamu. Mkianza na mtamu, mkavu utakuwa kama maji ya ndimu. Mume wako naye asitarajie mwekundu mzito kama wa Afrika Kusini ambao sisi wa Nairobi tumeuzoea. Huko jua halina nguvu hiyo. Mwekundu wao bora, kwa maoni yangu, ni wa zabibu ya Cabernet Franc: mwepesi, wenye harufu ya matunda mekundu na dokezo la pilipili hoho. Asiupime kwa uzito wake.

Msafiri wa Buruburu:

Ninakubaliana na ndugu yangu wa Ruaka katika mengi, isipokuwa hili la kuliacha Ziwa Keuka nje. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka Ithaca, ndiyo, lakini kwa mtu aliyesema anataka kujua mvinyo unakotoka, chimbuko liko huko. Karibu na kijiji cha Hammondsport ndiko ilikoanzishwa kampuni ya Pleasant Valley mwaka 1860. Na juu ya ukingo wa magharibi wa ziwa hilo ndiko alikofanyia kazi Konstantin Frank, msomi wa mizabibu aliyetoka Ukraine na kufika Marekani mwaka 1951. Wakati huo wakulima wengi wa eneo lile waliamini kwamba zabibu za Ulaya haziwezi kustahimili baridi yao, nao walipanda aina za Kimarekani kama Concord na Catawba. Frank alikuwa ametoka nchi ya baridi kali na alijua haikuwa hivyo. Akishirikiana na Charles Fournier, Mfaransa aliyesimamia kiwanda cha Gold Seal, alipandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina yanayostahimili baridi, na mwaka 1962 akafungua kiwanda chake mwenyewe, ambacho bado kinaendeshwa na ukoo wake. Kila glasi ya Riesling mtakayoonja Seneca au Cayuga ina deni kwake.

Ziwa lenyewe lina umbo la herufi Y, na kutoka juu ya kilima hicho unaliona likigawanyika. Kuna utulivu ambao Seneca, hasa Jumamosi, haina. Mkienda kupitia upande wa Penn Yan, mwambieni dereva awe mwangalifu, kwa sababu kuna jamii ya Wakristo wa dhehebu la Wamenoni wanaosafiri kwa mikokoteni ya farasi kwenye barabara hizo hizo za lami.

Mkulima wa Ruaka:

Umesema kweli kuhusu Frank, na sibishani na uzuri wa Keuka. Hoja yangu ni siku mbili tu na mtu mzee ndani ya gari. Kama wangekuwa na siku ya tatu, ningeiweka Keuka bila kusita.

Niongeze jambo moja linalohusu chimbuko hilo hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini ziara ya namna hii inawezekana hata kidogo. Miaka ya nyuma wakulima wengi wa huko waliuza zabibu kwa makampuni makubwa machache, kwa bei ambayo makampuni ndiyo yaliyoipanga. Mwaka 1976 jimbo lilipitisha sheria iliyomwezesha mkulima mdogo kutengeneza mvinyo shambani kwake na kumuuzia mgeni moja kwa moja. Mkulima wa kahawa wa Nyeri akisikia habari hiyo atajua uzito wake. Leo kuna zaidi ya viwanda 100 vya mvinyo katika eneo hilo, vingi vikiwa vya familia, na mara nyingi anayekumiminia ni mtu aliyeshika makasi ya kukatia zabibu asubuhi ile ile. Mwulizeni maswali. Mwulizeni mvua ilikuwaje, wameanza kuvuna aina gani, nini kimebaki mitini. Mwishoni mwa Septemba aina zinazowahi huwa zimekwisha kuvunwa au zinavunwa, ilhali Riesling nyingi zingali zinasubiri Oktoba, kwa hiyo mtaona matunda mtini na matunda kwenye makreti kwa siku moja.

Mwalimu wa Donholm:

Mama Wendo, wenzangu wamekujibu kuhusu mvinyo. Mimi nimjibie mama mkwe wako, maana swali lako la mwisho ndilo lililonigusa.

Kwanza, asibaki nyuma kwenye kumbi za kuonja. Zabibu za Concord, zile nyeusi zenye harufu kali, hutengenezewa juisi nzito isiyo na kileo hata kidogo, na majira hayo huuzwa mbichi kwenye vibanda vya kando ya barabara pamoja na matufaha, maboga na asali. Wenyeji huzitumia pia kupika mkate wa tunda wenye zabibu ndani, hasa katika mji wa Naples, kusini mwa Ziwa Canandaigua. Mjini Ithaca kwenyewe kuna soko la wakulima lililo ukingoni mwa Ziwa Cayuga, chini ya paa la mbao, ambalo hufunguliwa Jumamosi na Jumapili. Mkulima wa Kinangop akiingia humo hamtamtoa mapema, na nawasihi msimharakishe.

Pili, ncha ya kaskazini ya Cayuga ina mambo ambayo hayana uhusiano na kileo lakini yana uhusiano na maisha ya mwanamke mwenye umri wake. Katika mji wa Seneca Falls ndiko wanawake wa Marekani walikokutana mwaka 1848 kudai haki zao, na jumba walilokutania limehifadhiwa. Si mbali kutoka hapo, mjini Auburn, kuna makazi ya Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa kisha akarudi mara kwa mara kuwatoa wengine, na ambaye aliishi hapo hadi alipofariki mwaka 1913. Kati ya miji hiyo miwili kuna hifadhi ya ardhioevu ya Montezuma, ambako ndege wa majini hutua kwa wingi katika safari yao ya kuelekea kusini mwezi wa Septemba na Oktoba. Kuna njia ya gari inayozunguka, kwa hiyo hata mtu asiyeweza kutembea sana huwaona vizuri. Mambo hayo yanaweza kujaza nusu siku, na mkishuka kwa barabara namba 89 kurudi Ithaca bado mtapata nafasi ya shamba moja au mawili ya mizabibu jioni ile.

Naomba pia, kwa uzito wote, kwamba mnapotazama maziwa hayo mkumbuke majina yake. Cayuga na Seneca ni mataifa ya watu, nao walilima mahindi, maharagwe na miti ya matunda kwenye miteremko hiyo kabla ya mzabibu wowote wa Ulaya. Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la Jenerali Sullivan lilipita humo likachoma vijiji vyao, mazao yao na bustani zao za matunda. Mataifa hayo bado yapo. Vijitabu vingi vya wageni hupita juu ya habari hiyo haraka mno, na sisi ambao wazee wetu walifukuzwa mashambani mwao hatuna sababu ya kuipita hivyo.

Mama Wendo, South B:

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Nimemsomea Mama maelezo ya jalidi na ziwa, na ameniuliza jambo ambalo sikuweza kumjibu: ikiwa mzabibu huko hulala kwa sababu ya baridi, wale wanaolima mizabibu hapa Naivasha wanafanyaje, kwa kuwa huku hakuna majira ya baridi ya kuulaza? Yeye huiona Naivasha kutoka juu kila siku na sasa hawezi kulala kwa swali hilo.

Tumeamua kufuata mpango wa siku mbili: ya kwanza Cayuga pamoja na sehemu za Mwalimu, ya pili Seneca mashariki. Binti yetu ana leseni na amekubali kutuendesha. Nimebakiwa na maswali ya vitendo. Tuchague siku gani za wiki? Tuvae nini? Majani yatakuwa yamebadilika rangi? Na chupa ngapi tunaweza kurudi nazo?

Mkulima wa Ruaka:

Mwambie Mama kwamba ameuliza swali ambalo wanafunzi wengi hawaliulizi. Karibu na ikweta mzabibu haulazwi na baridi; unalazwa na mkulima. Yeye ndiye anayeamua siku ya kupogoa, na hupunguza maji ili mmea upumzike, kisha unapochipua upya ndipo hesabu ya mavuno huanza. Kwa kuwa majira hayaamui, mmea unaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na shamba moja linaweza kuwa na vipande vilivyo katika hatua tofauti. Naivasha ina faida ya mwinuko, takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku wake ni wa baridi na zabibu haipotezi ukali wake wote kwa jua la mchana. Ziwa lake, hata hivyo, halifanyi kazi ile ya Seneca, kwa maana ni la kina kifupi na hakuna baridi kali inayohitaji kuzuiwa. Kama mna Jumamosi moja kabla ya kusafiri, mpelekeni akaone mizabibu ya huko, halafu alinganishe mwenyewe.

Kuhusu siku, chagueni Jumanne hadi Alhamisi kwa ajili ya Seneca. Mwishoni mwa juma, majira hayo, mabasi ya vikundi hujaa na anayemimina hana muda wa kuzungumza. Soko la Ithaca nalo ni la Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo lipangieni siku yake mbali na mvinyo. Pigeni simu au wekeni nafasi mapema kwenye kila shamba na mseme mko wanne, wawili wakiwa hawanywi. Kwa kawaida hutoza ada kwa anayeonja tu, lakini ni heshima kuwajulisha. Kwa Seneca mashariki ningeanza na shamba la Lamoreaux Landing kwa ajili ya mandhari na Riesling. Tangulizeni chakula. Kwenye meza mtaona chombo cha kutemea au kumwagia mvinyo, na kukitumia si utovu wa adabu. Ndivyo wafanyavyo wataalamu wenyewe.

Mchana huwa wastani wa nyuzi 20, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 9, hali ambayo mtu wa Limuru anaifahamu vizuri mwezi wa Julai. Sweta na koti la mvua vinatosha, pamoja na viatu visivyoteleza, kwa sababu umande wa asubuhi kati ya mistari ya mizabibu ni mwingi. Majani yatakuwa yameanza tu kugeuka. Rangi kamili kwa kawaida huja kuelekea katikati ya Oktoba, lakini wakati huo zabibu nyingi zimekwisha kuvunwa, na kati ya majani na mavuno mimi ningechagua mavuno.

Chupa ziwekeni kwenye sanduku linalokaguliwa, zikiwa zimezungushiwa nguo, kwa maana kwenye mkoba wa mkononi hazitapita. Mtu mzima anayeingia Kenya anaruhusiwa lita 2 za mvinyo bila kulipa ushuru, yaani chupa 2 za kawaida kwako na 2 kwa mume wako. Chukueni Riesling moja kavu ya mwaka wa karibuni na nyingine ya mwaka wa nyuma kutoka shamba hilo hilo, mkazifungue siku moja mkifika nyumbani, maana zabibu hiyo huzeeka vizuri na tofauti yake ni kubwa. Juisi ya Concord ya Mama nayo iende kwenye sanduku hilo hilo, katika chupa ya plastiki.